Nambari Ambayo Phelesia Hawezi Kuijua

Jumatatu, 11 Agosti

Simu imefika! Mjomba Mokaya ameileta kutoka Kisii ikiwa bado ndani ya boksi, na plastiki yake na harufu yake. Baba akatangaza mbele ya wote kwamba hii ni simu ya nyumba, si ya mtu. Ila mtunzaji ni mimi, kwa kuwa niko Kidato cha Tatu na husoma maagizo hadi mwisho. Uamuzi wa busara. Baba huwa hakosei akiwa ameshiba.

Kwanza nikaibadilisha lugha iwe Kiswahili. Pili, kuifunga. Yenyewe iliniuliza nataka kuifunga kwa njia gani: mchoro, nambari, nenosiri, kidole au uso. Sijaulizwa swali zuri hivyo tangu shule zifungwe.

Adui ni mmoja. Phelesia, binti ya mama mdogo, amekuja Migori kutoka Rangwe kukaa nasi likizo nzima. Tuna umri mmoja. Hatuna kingine kinachofanana. Ana kicheko cha bata, na mali ya mtu kwake ni mali ya umma. Akishika simu, anatazama watu wakicheza densi mpaka bando liishe.

Hilo ningevumilia. Lakini nimetuma insha! Ajuaye ni Mwalimu Oyaro wa Kiswahili peke yake. Redio moja ya Homa Bay inatafuta wanafunzi watatu wa kusoma insha zao hewani, na majibu yatakuja kwa ujumbe kwenye laini hii. Mwaka jana Phelesia aliipata insha yangu, akawasomea wateja wa ndizi pale sokoni, akisimama kwenye kila kivumishi kama anayeonja mboga. Nikishindwa safari hii, nataka kushindwa faraghani.

Nimechagua mchoro. Herufi B, ya Beverlyne. Rahisi na maridadi.

Jumanne, 12 Agosti

Mchoro umeanguka kabla ya chai kupoa. Phelesia aliielekeza simu dirishani, akaona njia ya mafuta ya mandazi iliyochorwa na kidole changu mwenyewe, akaifuata hadi mwisho. Kisha akasema ati hata bila mafuta angejaribu B, maana nimeiandika kwenye ndoo, kwenye sahani na kwenye kandambili zote mbili. Ndoo ni jambo lingine kabisa!

Sasa ni kidole. Kidole ni sayansi. Simu inadai mchoro ubaki kama akiba, basi nikaugeuza kuwa Z, herufi isiyomo katika jina la mtu yeyote hapa nyumbani. Nikasajili kidole gumba mara tu nilipomaliza kumsaidia Mama kumenya ndizi za kupika.

Jioni. Simu hainitambui! Nilikuwa nimenawa mikono kwa mafuta taa, kama afanyavyo kila amenyaye ndizi, utomvu ukatoka. Inaonekana simu ilisajili utomvu. Ningeweza kutumia Z, lakini hili lilikuwa suala la heshima. Nikaenda jikoni, nikapaka gumba langu ganda bichi, nikabonyeza. Ikafunguka papo hapo. Mama akauliza mbona naipaka simu ndizi. Nikasema ni usalama. Akasema usalama gani huu wa kualika nzi.

Phelesia alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 13 Agosti

Uso. Mbona sikuanza na uso? Nilikaa mlangoni penye mwanga, nikageuza kichwa kama nilivyoagizwa, simu ikanipongeza. Nikafanya jaribio mara sita. Safi.

Saa tano, nikiwa natandaza maharagwe, Phelesia aliinama juu ya simu iliyokuwa kwenye kiti. Ikafunguka! Kwa ajili yake! Nyanya Nyasuguta akasema kwani nilikuwa sijui, sisi ni picha moja, sote tumechukua paji la uso la mama zetu. Nyanya simlaumu, miwani yake ilivunjika Pasaka. Paji langu ni la mtu anayefikiri. La Phelesia ni uwanja wa mpira.

Phelesia alinishukuru kwa kumwazima uso. Akaahidi kuurudisha ukiwa safi.

Hakuna ujumbe kutoka Homa Bay.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata! Nilipata nikipiga mswaki. Nambari nne, zitoke kwenye kitabu cha nyimbo! Sisi ni Waadventista. Phelesia ni Mkatoliki, kama baba yake na ukoo wote wa Rangwe. Nambari za nyimbo zetu atazijulia wapi? Natwaa nambari ya wimbo, naweka sifuri mbele ili kuwachanganya maadui, basi. Siiandiki hapa. Mimi si mjinga.

Nimeifungua simu kama mara thelathini leo kutazama ujumbe. Bado. Najiambia wanasoma insha nyingi, na nzuri huachwa mwisho ili zisomwe kwa utulivu.

Nyanya amesema anafurahi kuona nimekuwa mtu wa kuimba, nyumba imechangamka. Sijui anazungumzia nini. Masikio nayo yameanza.

Ijumaa, 15 Agosti

Bando limeisha! Densi! Densi tupu, tangu asubuhi nilipokwenda kisimani!

Nilimkabili Phelesia. Nikamwambia alinichungulia. Akasema hakuchungulia chochote, nilimpa nambari kwa mdomo wangu mwenyewe, 0117, wimbo wa kufungulia ibada, na ati ningeimba polepole kidogo angeipata siku ile ile. Uongo usio na hata haya ya kujifunika. Tangu jana amekaa karibu na Nyanya, kitabu cha nyimbo magotini, akidai anataka kujifunza nyimbo za upande wa mama yake. Unafiki.

Nimebadilisha. Sasa ni 0 na wimbo wa mavuno.

Alasiri Phelesia aliniuliza kwa upole kama mwaka huu mavuno yamewahi. Sikuelewa. Ni Mkatoliki wa shamba, labda anahesabu kwa namna yao.

Kabla jua halijazama Baba alizikusanya simu zote kwenye droo, kama kila Ijumaa. Sabato. Sasa hata mimi siwezi kuifungua, na hilo angalau ni kufuli.

Jumamosi, 16 Agosti, baada ya jua kuzama

Sabato ndefu kuliko zote. Mzee Nyangau alihubiri juu ya subira. Nilihisi ananitazama.

Droo ikafunguliwa. Hakuna ujumbe. Ila kabla sijafika sebuleni Phelesia alikwisha kufungua simu na kuipiga picha kandambili yangu! Mavuno nayo yamekwenda!

Sasa nimefanya jambo la mwisho. Nimesimama kando ya kabati, nimefumba macho, nimekifungua kitabu popote, nikapata wimbo ambao hakuna anayeuimba, hata kanisani. Nikaupitia mara moja. Nikaweka nambari. Nikafunga kitabu. Ni siri kubwa kiasi kwamba mimi mwenyewe siifikirii.

Jumapili, 17 Agosti



Saa nane, tukiwa sokoni, simu ililia. Kwenye kioo, mstari mmoja: Hongera Beverlyne Bochaberi, insha yako… Mengine yalikuwa nyuma ya kufuli.

Nambari? Sikuikumbuka! Wala wimbo. Nikajaribu 0281. Siyo. 0218. Siyo. 0128. Simu ikaniambia nisubiri sekunde thelathini. Kisha dakika. Kisha dakika tano. Kwa Kiswahili sanifu kabisa.

Mwalimu Oyaro akampigia Mama kwenye kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, akishangilia. Nimechaguliwa! Nijibu NDIYO kwa laini ile ile kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama akasema basi tuhamishe laini kwenye kabambe. Laini yenyewe ni kijipande, na tundu la kabambe ni mlango wa ghala. Ilizama mle ndani ikalala, tukaitoa kwa kibanio cha nywele. Tukairudisha.

Saa tisa na nusu nililia juu ya mkungu wa ndizi. Nikalazimika kumwambia Phelesia yote. Insha, redio, yote. Nikasubiri bata.

Bata hakuja. Aliniuliza jana niliimba nini pale kabatini. Nikasema sikuimba. Akasema Bev, acha, uliimba, wimbo wa taratibu unaopanda kidogo kisha unashuka kama mtu anayeteremka ngazi na mzigo. Akauimba kwa pua. Nyanya, aliyekuwa anapanga ndizi, akainua kichwa. Akauchukua palepale. Akasema huo ni wimbo wa maziko wa zamani, waliuimba wakimzika babu, na akautaja bila kitabu: mia mbili na kumi na mbili.

Phelesia akasema sifuri mbele, kama kawaida yangu. Ikafunguka.

Saa kumi kasoro dakika nne. Aliandika NDIYO yeye, maana vidole vyangu vilikuwa vinaandika NDIZI.

Kisha akaniambia, mbele ya watu, kwamba kila nikigusa ile simu naimba nambari yangu. Bichage, mama wa vitunguu meza ya pili, akaongeza kwamba yeye aliupenda ule wa mavuno, nikiweza niurudishe, unavuta wateja. Phelesia akasema nikisoma tena hewani habari za jua linalotabasamu, kama zile za insha ya mwaka jana, atapiga simu redioni aombe wimbo.

Hewani! Mimi! Jumatano!

Jumatatu, 18 Agosti

Nimelitafakari jambo hili kwa kichwa baridi. Baba ameamua Phelesia anisindikize Homa Bay. Sawa, mtu wa kushika mkoba anahitajika. Lakini tusichanganye mambo. Jana alibahatisha, na Nyanya ana kumbukumbu ya ajabu kwa umri wake. Ati naimba! Mtu aliyelelewa vizuri na kufundishwa vizuri haimbi sokoni bila kujijua. Kuhusu Bichage, anayeuza vitunguu kutwa nzima macho yake hayaoni sawasawa, na yawezekana masikio ni hivyo hivyo.

Nimeweka nambari mpya. Safari hii nimetumia akili: wimbo wa Krismasi, katikati ya Agosti. Nani atawaza?

Tangu asubuhi nimeifungua mara nne ili kuhakikisha inafanya kazi. Inafanya.

Nyanya ameanza ubeti wa pili huko jikoni. Phelesia ameingia na sauti ya pili kutoka bafuni. Krismasi, mwezi wa nane! Ukoo huu una watu wa ajabu.