Breki Zilizotengenezwa Bila Idhini Yangu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Natumaini hujambo, pamoja na wote hapo karakana. Mimi ni yule daktari wa meno mwenye gari jeusi la kifahari, lenye viti vya ngozi ya rangi ya maziwa, ambaye kwa miezi kumi na moja amekuja kwenu mara saba kuhusu breki. Safari hii siji kuomba zitengenezwe. Nalalamika kwa sababu mmezitengeneza.

Nitaeleza kwa namba, maana nimekasirika, na nikiandika ovyo nitasahau kitu.

1. Mara sita za kwanza mlinihudumia vizuri. Niliwaeleza kwamba pedali inazama hadi sakafuni na magurudumu yanapiga yowe. Mshauri wenu, yule wa tai nyembamba, alinikaribisha kahawa akasema ni unyevu. Mara ya pili ilikuwa vumbi. Mara ya tatu ilikuwa viatu vyangu. Mwishowe akanishika bega, akasema hiyo si hitilafu, ni tabia ya gari, na magari ya hadhi hii yana tabia. Kila mara nilirudishiwa gari limeoshwa na kupuliziwa manukato. Niliridhika, na nyumbani tukapanga maisha yetu kufuata breki hizo. Jumanne iliyopita nililileta kama kawaida lioshwe. Fundi wenu mfupi mwenye ovaroli la kijani akafungua magurudumu, akabadilisha diski na breki pedi zote, akanikabidhi gari lisilotoa sauti. Hakuna aliyeniuliza. Mimi sing'oi jino la mtu kabla hajasaini.

2. Mlio ule ulikuwa na kazi. Kila nilipoanza kufunga breki kwenye kona ya duka la dawa, muuguzi wangu alinisikia huko ghorofani, na nikiingia nilikuta vyombo vimepangwa na mgonjwa yuko kitini. Jumatano niliingia kimyakimya nikamkuta muuguzi mwenyewe ndiye yuko kitini, amejilaza, anamsimulia shangazi yake kwa simu jinsi ninavyopumua puani nikiwa kazini. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa kwa heshima. Sasa napumua kwa kujihadhari.

3. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hakuwahi kuliomba gari hili tena tangu alipolijaribu likaenda kusimama ndani ya bustani ya jirani. Ijumaa aliomba kulisogeza tu kivulini. Akakanyaga breki, gari likatii, akatabasamu. Limerudi Jumapili likiwa na mifuko sita ya saruji juu ya viti. Anasema linabeba vizuri na ameshawaambia wenzake.

4. Mama mkwe, aliyeapa kwamba yeye hapandi kitu kinacholia, sasa anakaa kiti cha mbele na kuniuliza kama huo ndio mwisho wa kasi ya gari. Namheshimu mno, kwa hiyo namba hii naiacha fupi.

5. Hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Breki zikiwa mbovu, mimi na mke wangu tulitoka nyumbani dakika arobaini mapema, gia ya chini, polepole. Alikaa pembeni yangu akinisaidia macho: lori kushoto, mama na ndoo kulia, tuta hilo. Kati ya tuta na tuta tulizungumza. Hapo ndipo nilipojua kwamba hajawahi kuyapenda mapazia ya sebuleni, niliyoyanunua mwenyewe miaka kumi na minane iliyopita, na kwamba alipokuwa msichana alitaka kuwa rubani. Nami nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Sasa tunafika ofisini kwake kwa dakika kumi na mbili. Njia nzima yuko kwenye simu, anasema asante, anafunga mlango. Mlango unafungwa bila sauti, kama kipeperushi chenu kilivyoahidi. Nimebaki mpweke ndani ya gari la kifahari, na nasema wazi kwamba naumia.

Kwa hiyo naomba mnirudishie ubovu wangu. Kama diski za zamani hamjazitupa, zifungeni hizo hizo. Kama zimetupwa, nitapokea za mteja mwingine, mradi pedali izame vilevile. Nawapa siku kumi na nne. Baada ya hapo nitamwona wakili wangu, ambaye ana gari kama hili kutoka kwenu. Lake bado halisimami, na yeye na mkewe wanaendelea vizuri sana.

Nisalimie mshauri wa tai nyembamba, dada wa kahawa, mlinzi wa lango na waosha magari wote. Fundi wa ovaroli la kijani msalimie pia, ingawa sijamsamehe.

Ni mimi mteja wenu, niliyetengenezewa bila kuomba,

Daktari wa Meno,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

N.B. Mke wangu ameikuta barua hii mezani, ameisoma yote akiwa amesimama. Anasema ni yeye aliyempigia fundi simu, kwa sababu kila asubuhi nikishamshusha alibaki langoni akiusikiliza ule mlio mpaka upotee, na hakuweza kushika kazi yoyote hadi nimpigie kwamba nimefika salama. Mimi nilidhani anapenda tu kusikia sauti yangu. Kisha akaniuliza kama breki ndizo zilizokuwa zikinifungua mdomo. Breki ziacheni kama zilivyo. Hili la kuzungumza halimo kwenye warantii, nitalishughulikia mwenyewe.