Tandiko la Kifungo

Jina la Asali alilipata kwa ulimi wake, si kwa tabia. Asubuhi ile alisimama mlangoni kwa fundi cherehani ndani ya koti lake la kijivu, ambalo ndilo lililokuwa mtaji wake wote, uso umejaa huzuni ya kuazima.

"Pole, mama. Nimesikia mashine imeibwa."

Angekosaje kusikia? Aliiiba mwenyewe jana mchana, fundi alipotoka na mbwa wake, Kifungo, kununua uzi. Lakini mashine kuukuu haina wateja. Mwenye kuililia ndiye mteja. Na fundi alikuwa na sababu ya kulia: keshokutwa binti yake anaolewa, na gauni lingali vipande mezani.

"Mimi mtaalamu wa mbwa," Asali akasema. "Nipe huyu wako, na hizo hereni ziwe ahsante. Leo hii hii unashona."

"Hereni ni za marehemu mama yangu."

"Na gauni ni la nani?"

Roho ilimuuma, lakini fundi alizivua.

Mpango ulikuwa safi. Mashine imefichwa chini ya mabati, kwenye nyumba iliyokwama bila paa. Asali ataongozana na mbwa hadi pale, kisha apige kelele za ushindi. Ila hakuna aliyemweleza mbwa. Kifungo aliyapita mabati bila hata kugeuza shingo, akamburuta mtaalamu wake hadi kwenye mlango wa bluu, fundi akiwafuata mbio.

"Hapa kwa nani?"

"Sijui, mama. Mbwa kachanganyikiwa."

Jirani aliyekuwa akifua akaangua kicheko. "Asali! Umesahau kwako?"

Mlango haukufungwa, Asali hakuwahi kuogopa wezi. Kifungo akaingia, akapanda kitandani, akajilaza juu ya tandiko la viraka na kushusha pumzi. Mashine haikumhusu. Alikuwa akitafuta tandiko lake, ambalo Asali alilitumia kufungia mashine jana, kisha akaona hasara kulitupa.

Fundi akagusa viraka alivyovishona mwenyewe, kimoja kimoja. "Sare ya muuguzi. Suruali ya mwalimu. Pazia langu." Akainua macho. "Mashine yangu iko wapi, mwanangu?"

Wahenga walimpa mwizi siku arobaini. Kifungo alimpa moja.

Asali aliirudisha mashine kichwani, mchana kweupe, mbwa akimfuata kisigino kwa kisigino. Fundi akavaa hereni zake, akatia uzi, kisha akalikunjua tandiko.

"Umelichana hapa. Vua koti."

Siku ya harusi bibi harusi alipendeza mpaka mama yake akalia tena, safari hii kwa raha. Kifungo alikuwa pembeni, juu ya tandiko lenye kiraka kipya cha kijivu. Kilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko ameficha mfupa.