Malalamiko Dhidi ya Ukurasa Wenu wa Wasomaji Wanasoma Nini

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu na heshima zote zinazokustahili, mimi ni mwenye karakana ya kushona sare za shule. Sina ugomvi na jarida lako wala na mrengo wa kushoto. Ugomvi wangu ni na ule ukurasa wa nyuma, ambamo wasomaji wenu hutaja vitabu wanavyosoma mwezi huo, nadharia upande huu, riwaya upande ule. Ukurasa huo umeingia karakanani kwangu na umekataa kutoka. Naomba uufunge, kwa sababu zifuatazo.

1. Redio yetu iliharibika. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye hushona kola, akaja na jarida lako na kitabu alichokiona humo. Akasema atatusomea kwa sauti, na wenzake watamshonea kola zake. Nikakubali, nikidhani ni afadhali kuliko matangazo ya sabuni. Kitabu kilikuwa cha nadharia, kinene kama tofali, na mwanzoni hakuna aliyeambulia kitu, mimi nikiwemo, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Watu walishona mbio. Kisha tukafika kwenye sura ya saa za kazi. Mzee Mkasi, mkata vitambaa wetu, akaweka mkasi chini akasema hebu rudia hapo. Ndugu Mhariri, mzee huyu hakuweka mkasi chini hata siku aliyozaliwa mjukuu wake! Ikarudiwa, ikarudiwa tena. Mapumziko ya chai, ambayo zamani yalikuwa ya kumeza na kurudi, sasa yana ajenda.

2. Wameanza kupiga kura. Walianza na dirisha, lifunguliwe au lifungwe, nikanyamaza. Wakaja kwenye pasi, iwe na mwenyekiti wa zamu, nikanyamaza pia. Halafu wakageukia kiti changu chenye mto, wakagundua kwamba ni nyenzo ya uzalishaji. Niliwaeleza kwa upole kwamba kiti kile hakizalishi chochote, na mimi mwenyewe nikikikalia sizalishi chochote. Wakayaandika hayo kwenye kumbukumbu za kikao kama ushahidi. Siku hizi tunakikalia kwa zamu, na zamu yangu ni Alhamisi jioni, wakati wa kufagia.

3. Nikaomba tuhamie kwenye riwaya, nikijua riwaya ni mapenzi na machozi. Loo, nilijipalia makaa mwenyewe! Msomaji wenu mmoja anayejiita Mwalimu Mstaafu alikuwa amesifia riwaya ya wafua nguo waliogoma. Tajiri wao ni jibaba nene linalokula yai la kuchemsha huku limewapa mgongo. Mimi ni mwembamba, Ndugu Mhariri. Lakini nikimenya yai tu, cherehani zote zinanyamaza na watu wananitazama. Nimeacha mayai.

Na pale mfua nguo mdogo alipofukuzwa kazi, karakana nzima ililia, na katika kulia huko kaptura za darasa zima zikashonwa zikazibwa matundu ya miguu. Mwalimu mkuu alipolalamika, akajibiwa kwamba kosa si la mshonaji, ni la mfumo. Alipokuja mwenyewe kugomba, shemeji akampa kiti changu na akamsomea sura ya kwanza. Sasa mwalimu mkuu huja kila Jumanne. Kaptura bado hazijafumuliwa.

4. Mke wangu naye hufungua kikao kabla ya chakula cha jioni, na mama mkwe huhudhuria kama mwangalizi. Juzi nilipendekeza nyama. Kura zikalingana, yangu na ya mke wangu, ndipo mwenyekiti, ambaye ni yeye, akapiga kura ya kuamua. Tukala maharage.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kusoma nako sasa ni kwa zamu. Amesoma fundi wa vifungo, ambaye ana kigugumizi, wakamsubiri kwa upendo. Amesoma mwalimu mkuu. Mimi nimenyimwa, eti nitaruka kurasa zinazomsema tajiri. Mimi! Mimi ninayesoma risala katika kila harusi ya ukoo wetu, na watu wanatulia hata watoto! Inaniuma, sitaki kuficha. Mtu amekaa ndani ya karakana yake mwenyewe akipunguza nyuzi, anasikia maneno mazuri yanasomwa vibaya, na hana ruhusa ya kufungua mdomo.

Kwa hiyo naomba ukurasa ufungwe. Kama haiwezekani, wasomaji wenu wahimizwe kusoma vitabu vya tajiri mwema. Kama havipo, viandikwe. Na kama hilo nalo ni gumu, basi wasome kilimo cha vitunguu, ambamo hakuna anayegoma.

Nifikishie salamu kwa wachapaji, kwa wasambazaji, na kwa mfagizi wa ofisi yako, ambaye shemeji aliniagiza nimtaje wa kwanza.

Wako mwenye kinyongo lakini mwenye adabu,
Mwenye Karakana (mpaka kikao kijacho)

Baada ya kutia sahihi: Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha shemeji alipoamka hana sauti, mafua yamemkaba. Fundi wa vifungo hakuja, Mzee Mkasi kasahau miwani, mwalimu mkuu alikuwa bado hajafika. Wakanipa kitabu. Nikakuta ni pale hasa wafua nguo wanapomtoa yule tajiri nje pamoja na yai lake. Cherehani zikanyamaza, wote wakinitazama waone kama nitaruka. Sikuruka. Nilisoma kwa sauti yangu ya harusini, neno kwa neno, na tajiri alipofungiwa mlango nikapiga meza nikasema na akome! Walinishangilia, Ndugu Mhariri, mwalimu mkuu, aliyefika katikati ya sura, akasimama kabisa. Hakuna sare iliyoshonwa leo. Basi futa yote, namba moja hadi tano. Nitumie juzuu ya pili kwa basi la kwanza, nakusihi, kwa sababu shemeji ameanza kunong'ona, na asali ya koo aliyonunuliwa na dada yake siwezi kuificha milele.