Nilivyoipanda Ngazi ya Umeme

Jumatatu, 27 Oktoba

Hapa Bwera hakuna mtu anayeielewa bei ya umeme kama mimi. Haya, yuko Medius wa duka la tokeni za umeme. Ndiye aliyenieleza leo asubuhi. Mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa naangalia sambusa zake.

Mambo ni hivi. Kila mtu analia umeme umepanda, lakini serikali haikuiacha bei ikimbie ovyo, imeiwekea ngazi. Uniti kumi na tano za kwanza ni za huruma, bei ya chini kabisa. Ukizipita, unachinjwa. Lakini ukivuka themanini, bei inashuka tena! Wanataka watu wapike kwa umeme, waache makaa. Medius aliendelea na maneno mengine, mimi nikawa nimeshatoka. Mtu mwenye akili hasubiri mwisho.

Sisi tumefika uniti sitini na kitu. Wajinga wanabana umeme, wanabaki pale pale kwenye kuchinjwa. Mimi nitauchoma. Nikishavuka, nakaa juu kwenye bei nafuu mpaka kufa.

Mke wangu Mbambu kajaza friji samaki wa ziwani Hamukungu. Ijumaa ni siku ya soko mpakani, na Benedicte, mama wa Butembo, Kongo, anayenunua wote kwa mkupuo, anawataka wa barafu. Mbambu alipiga hesabu: uniti zilizobaki zinatosha friji mpaka Ijumaa, pesa ya samaki itanunua nyingine. Kisha akaenda Mubuku kumsaidia dada yake kuvuna mpunga. Akiwa mlangoni akaniambia, "Mzee, friji ikizima, samaki wakioza, Benedicte anahamia meza ya samaki ya Jamidah. Na mimi nahamia Mubuku."

Wanawake wana maneno.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimetoa jiko la koili mbili chini ya kitanda. Nimewasha koili zote. Nimechemsha maji. Ya nini, sijui. Nimenawa miguu kwa maji ya moto kama waziri.

Peke yangu naenda polepole. Nikatangaza kwa majirani kwamba kwa mzee Eridadi kupika ni bure. Sylvie wa kwaya akaleta pasi na kanzu za kanisa zima. Akasema Mungu atanilipa. Nikamwambia apige pasi na upande wa ndani.

Aliyenishangaza ni Kosiya. Huyu ni muuza makaa! Kaja na sufuria ya maharage ambayo hata hayakulowekwa. Nikamuuliza kama makaa yake yanaumwa. Akajibu kwamba makaa ni ya kuuza, na kwa bei ya sasa yeye mwenyewe hayawezi. Nikacheka mpaka nikamkaribisha kiti.

Jumatano, 29 Oktoba

Kosiya karudi. Kwato za ng'ombe. Kwato! Zinachemka tangu asubuhi. Nikamchokoza kwamba nikishavuka themanini hakuna atakayenunua gunia lake, ataanza kuuza masizi. Akakubali kwa upole, akaomba chumvi.

Mita inashuka vizuri sana. Nimelala nikitabasamu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Saa nne asubuhi mita ikafika sifuri, kimya. Koili zikapoa, friji ikanyamaza. Nikafurahi: sasa nimevuka! Nikaenda kwa Medius kununua za bei nafuu, kwa mkopo. Akasema tokeni haina mkopo. Kisha akaniangalia kama mgonjwa.

"Mzee, zinahesabiwa uniti unazonunua, si unazochoma. Na kesho kutwa ni mwezi mpya, kila mtu anarudi chini ya ngazi."

Nikasema nilikuwa najua, nampima tu.

Mchana Mbambu akarudi. Akafungua friji, akanusa. Akaona sufuria ya kwato ya Kosiya juu ya koili, na hapo ndipo nilipoogopa. Akavuka kwenda kwa Kosiya. Sijui alimwambia nini juu ya zile kwato, lakini Kosiya alileta debe zima la makaa, bure, na macho yake yalikuwa chini. Mimi nikatumia nafasi hiyo kumshauri kwamba serikali iwekee bei ya makaa ngazi pia. Akajibu kwamba serikali ije ibebe magunia kwanza.

Mbambu akawapasua samaki, akawatia chumvi, akawapanga juu ya wavu, akarusha majani mabichi kwenye moto. Mimi nikapewa ungo nipepee. Moshi ulinitoa machozi hadi jioni. Sylvie alipita akadhani natubu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sokoni. Benedicte akamshika samaki mmoja, akamgeuza.

"Mama Mbambu, nilisema ya barafu. Hii iko ya moshi."

Mbambu akamwambia ya moshi haiozi njiani mpaka Butembo. Benedicte akala kipande, akafikiri, akachukua wote, lakini kwa bei ya kutupa. Wiki ijayo anataka ya barafu, la sivyo iko Jamidah.

Narudia: akachukua wote. Bila mimi kungekuwa na moshi? Hilo sikulisikia likisemwa popote.

Jumamosi, 1 Novemba

Mbambu kanunua uniti za huruma, kisha kafungia kile kidude cha kubonyeza namba za tokeni kwenye sanduku lake la vitenge. Jiko la koili kampa Sylvie.

Hainisumbui. Kosa langu lilikuwa kupanda. Siri ni kukaa chini, mara mbili! Mita moja ina kumi na tano za huruma. Mita mbili, thelathini. Kinachotakiwa ni nyumba mbili. Nimemweleza Mbambu kwamba tuachane kidogo, kwa karatasi tu, yeye achukue jikoni na mimi sebule. Amesema yuko tayari hata bila karatasi.

Hiyo ni nusu ya ruhusa. Jumatatu naenda kuomba mita.

Sasa yuko jikoni kwake, anakula samaki mmoja aliyembakiza nyumbani kabla ya soko, na mlango umefungwa. Nimemwita kwa sauti ya kiungwana: Mbambu, ungo ule nilipepea mimi, macho bado yamevimba. Hiyo si bure. Kichwa cha samaki tu. Kipitishe dirishani.