Wagonjwa Mia wa Karatasi

Jumanne, 19 Juni 1962
Siku kumi na mbili kabla ya Uhuru. Daktari wetu Mbelgiji wa zahanati ya Rumonge anaondoka mwezi ujao. Meza yake ya dirishani, ile inayotazama ziwa, itabaki kwa mmoja wa wasaidizi wake wawili: mimi Radjabu au Lukeba.

Nina haja nayo kuliko Lukeba. Mzee Athumani, baba yake Batuli, amesema mbele ya watu: "Mutoto wangu hataolewa na mutu wa kukalia kisanduku." Ni kweli nakalia kisanduku cha kwinini. Lukeba pia anakalia kisanduku, lakini yeye hana Batuli.

Kazi ya kutupima ni hii. Daktari alishapima damu ya wachuma chikichi ishirini kule Kizuka, ajue kwinini hukaa mwilini muda gani. Sasa anataka wagonjwa mia wa karatasi. Kila mmoja apewe uzito na kasi ya kumaliza dawa, kwa namba za kitabu kinene kilichojaa namba zisizo na mpango wowote. Kisha tuhesabu dawa inayobaki kila saa sita, na wastani wa wote mia ndio jibu. Juu ya karatasi tuandike ukurasa na mstari tulioanzia, ili mwingine akianzia hapo apate wagonjwa wale wale.

Jumatano, 20 Juni
Nilifumba macho, nikafungua kitabu, nikaweka kidole. Sikuandika ukurasa. Namba hazina mpango, nani atauliza zimeanzia wapi? Lukeba aliandika ukurasa, mstari, tarehe na jina lake, akapiga mstari chini kwa rula. Nilipofika mgonjwa wa sitini, yeye alikuwa wa ishirini. Nilimwonea huruma.

Ijumaa, 22 Juni
Nimemaliza kabla ya Lukeba. Daktari amesifu mwandiko wangu. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kwamba Jumatatu kila mtu atarudia kazi ya mwenzake toka mwanzo, na zisipolingana atajua. Nilikwenda kuswali. Sikumbuki hotuba ilihusu nini.

Jumamosi, 23 Juni
Nimeazima kile kitabu cha namba, nitafute nilipoanzia. Kina kurasa mia nne. Mgonjwa wangu wa kwanza alitoka kwenye 47 na 08. Nikazipata ukurasa wa 31! Nikamshukuru Mungu. Mgonjwa wa pili akakataa. Nikazipata tena ukurasa wa 90, huko wa pili akakubali na wa tatu akakataa. Macho yanauma. Batuli alipita kunisalimia, nikamwambia nina shughuli kubwa za serikali.

Jumatatu, 25 Juni
Nimepata dawa. Asubuhi nilimwaga mawese juu ya karatasi, pale pale ukurasa ungepaswa kuandikwa. Nikamwambia Daktari kwamba namba ya ukurasa ilikuwapo, imefunikwa na mafuta, ajali ya sombe, kile kisamvu cha mawese. Akauliza tangu lini watu wa Rumonge wanakula sombe saa mbili asubuhi. Nikasema tangu zamani.

Sikujua mawese yanaifanya karatasi ipitishe mwanga. Lukeba aliinyanyua dirishani, mstari wangu wa kwanza ukaonekana wazi, na juu yake weupe mtupu. Akasema taratibu: "Ndugu, hapa hakuna kitu iliandikwa. Mafuta haifutake wino." Mtu aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa kunifundisha mimi mawese! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumanne, 26 Juni
Daktari hakukasirika, jambo lililoniumiza zaidi. Alisema kuanzia popote si kosa, kosa ni kutojua umeanzia wapi. Dozi hii watapewa watu wa Kizuka wenye damu, si wa karatasi, kwa hiyo hesabu isiyoweza kurudiwa hawezi kuiamini.

Ametupa nafasi ya mwisho. Kila mmoja aanzie sehemu tano tofauti za kitabu, aziandike, ahesabu mara tano. Majibu yatapishana kidogo kidogo kwa kuwa wagonjwa watakuwa wengine, akasema, na ndivyo inavyotakiwa. Jumatatu ataamua meza ni ya nani.

Ijumaa, 29 Juni
Mjini wanafunga matawi ya michikichi barabarani kwa ajili ya Uhuru wa Jumapili. Mimi nimemaliza karatasi ya kwanza, ukurasa wa 112, mstari wa 7, nimeandika kwa wino mwekundu. Mgonjwa mmoja mmoja, kwa uaminifu. Wagonjwa mia wamechukua siku tatu. Zimebaki nne, na siku moja.

Nilichungulia karatasi za Lukeba. Amekesha tangu Jumanne, yuko kwenye ya tano. Majibu yake: 4.1, 3.9, 4.2, 4.0. Maskini, hawezi kupata jibu moja likakaa.

Jumamosi, 30 Juni
Nimemaliza zote! Karatasi tano safi, hakuna tone la mafuta. Juu ya kila moja nimeandika ukurasa wake na mstari wake, kwa wino mwekundu, na kupiga mstari kwa rula. Ukurasa wa 112, wa 15, wa 203, wa 340 na wa 8. Hapo hakuna wa kunishika.

Chini yake, ili kuokoa muda, nimenakili wagonjwa wale wale mia wa karatasi ya kwanza. Daktari alisema majibu yatapishana kidogo. Yangu hayakupishana hata chembe: 4.0 mara tano. Atashangaa mwenyewe.

Nimepita kwa Mzee Athumani kumsalimia kwa amahoro. Nimemwalika aje zahanati Jumatatu saa tatu, yeye na Batuli, wanione nimekaa mezani.