Spika ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Nimezipata! Tuseme nimepata nusu. Nieleze.

Nilifunga karakana mapema (fremu za picha zinaweza kusubiri, waliomo ndani hawaendi popote) nikapita duka la vitu vilivyotumika, lile la Bi Miwani. Nilifuata misumari midogo. Nyuma ya kitanda cha mtoto na feni isiyo na mapanga, nikaziona. Spika mbili. Za stereo, za zamani, kila moja inanifika gotini, zimejaa vumbi kama wageni waliosahauliwa sebuleni.

Moyo ukaruka. Nikajikausha. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu (nilivaa ndala, lakini nani ataangalia?) nikazikagua. Ukingoni: mbao kweli, si karatasi iliyochorwa mistari ya mbao. Mimi ni fundi wa fremu, hapo hunidanganyi. Nikagonga ubavuni: haikulia kama debe, iliitikia kwa sauti nzito ya mtu mwenye heshima zake. Nikainua moja kidogo: kiuno kikalalamika. Dalili njema! Nikachungulia nyuma: kibao cha bati, na namba za hizo mbili zimefuatana. Pacha! Zimetoka kiwandani pamoja na hazijaachana mpaka leo.

Sasa, Bi Miwani ana tabia moja. Habandiki bei. Anakuangalia usoni, na bei inapanda kwa kadiri ya meno unayoonyesha. Nikabuni mkakati. Nikaulizia feni. Nikaulizia kitanda cha mtoto (mtoto wetu mwenyewe yuko chuo, ana ndevu). Mwisho, huku napiga miayo, nikauliza kama kile kisanduku kinaweza kubeba chungu cha maua. Kimoja tu. Bi Miwani akasema mbona viko viwili. Nikamwambia nina chungu kimoja.

Ujanja mtupu! Ningezitaka zote mbili angejua nimeona kitu. Ya pili nitaifuata Jumatano, akiwa ameshaichoka. Nani mwenye akili zake atanunua spika moja?

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu ameuliza ya pili iko wapi. Nimemweleza mkakati. Ameniangalia kwa muda mrefu, kama unavyomwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume, kisha akaenda kuanua nguo.

Wivu.

Nimeipangusa. Nimevua kitambaa cha mbele. Koni, ile karatasi inayotikisika sauti ikitoka, nzima, haina tundu. Ukingo wa sponji, ule unaooza kwanza kwenye spika za zamani, nimeubonyeza kwa kidole: laini, unarudi. Nilitaka kuubusu. Nyuma kuna herufi zilizochongwa: KUSHOTO. Nimeiunganisha kwenye amplifaya yangu ya zamani, yenye pa kuingiza kaseti, ambayo kwa bahati upande wa kushoto ndio pekee unaofanya kazi. Wa kulia ulikufa zamani, Mungu aulaze pema.

Nikawasha. Jamani! Besi ile! Haipigi kelele. Inakuja taratibu, inakaa kifuani, inakuuliza hali. Redio ya jirani inabweka, hii yangu inazungumza. Nimekaa kwenye kochi nimefumba macho mpaka chai ikapoa, na sikujali.

Mke wangu akaja akasimama mlangoni. Akauliza, polepole, kama inaweza kupiga kanda ya baba yake. Ile aliyorekodiwa kwenye ukumbi wa shule, anapiga gitaa na kuimba. Iko kwa mama yake, haijapigwa tangu msiba, redio zote za siku hizi hazina pa kuingiza kaseti. Alisema amesahau sauti ya baba yake. Sura anaikumbuka, na mikono, lakini sauti imempotea, na jambo hilo linamtisha.

Nimemwahidi Ijumaa atamsikia. Ataniona mwanamume wa maana.

Jumatano, 6 Machi

Nimeibiwa! Si kwa sheria, lakini nimeibiwa.

Niliingia dukani nimekunja uso wa mtu asiyetaka kitu. Feni ipo. Kitanda kipo. Mahali pa spika pana mraba msafi usio na vumbi. Nikamuuliza Bi Miwani, nikijitahidi sauti isipande, kile kisanduku kingine kiko wapi. Akasema kimeuzwa jana. Mwanamume mmoja, suruali ya jinsi imepigwa pasi, ina mstari mbele. Akadai anataka kiwe kigoda cha kuvalia viatu. Halafu akaomba risiti.

Katika mji huu mzima kuna mtu mmoja tu anayepiga pasi jinsi na kuomba risiti ya kigoda kilichotumika. Shemeji! Kaka wa mke wangu! Mhasibu, mtu wa kupima sukari kwa kijiko kilichosawazishwa!

Nikauliza alijuaje. Bi Miwani akasema hakujua kitu, alikuja kutafuta pazia, lakini yeye Bi Miwani alimsimulia kwamba fundi wa fremu kanunua pacha wa kisanduku hicho, anamfanya stendi ya maua. Shemeji akacheka sana, akanunua. Kisha Bi Miwani akaongeza, akifuta miwani yake, kwamba spika zile zilikuwa zinamzibia njia, na kama ningezitaka zote mbili angenipa kwa bei ileile ya moja, hata angenisaidia kubeba.



Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Ziara ya kawaida, ya kujuliana hali. Yangu ya pili iko sebuleni kwake juu ya zulia, imepanguswa, inang'aa. Damu ilinichemka lakini nikatabasamu.

Nilikuwa na mpango. Nikapiga goti, nikagonga mbao, nikatikisa kichwa kama daktari. Nikamwambia pole sana shemeji, hii imeingiwa na dumuzi, nasikia wanatafuna. Mimi nashughulika na mbao kila siku, nipe niende nayo karakana nikakuondolee balaa, bure kabisa.

Shemeji naye akasikitika sana. Akasema kama hii ina dumuzi basi na ile yangu inao, maana ni pacha, na kwa kuwa mimi nina fremu za watu karakanani, ni hatari. Afadhali nimpe yeye aitunze. Bure kabisa.

Tukanywa juisi. Tukaulizana habari za kazi. Nyoka!

Alipoona natazama nyuma ya spika akanionyesha mwenyewe: KULIA. Akasema kulia ndio upande mkubwa, hata mkono wa kulia chakula hupitia huko. Nikamwambia moyo uko kushoto. Tuliagana vizuri, kwa kukamuana mikono mpaka vidole vikalia.

Ijumaa, 8 Machi

Kanda imefika. Mke wangu aliifuata mwenyewe kwa mama yake, akaileta imefungwa kwenye leso. Akaoga, akabadilisha kanga, akakaa kwenye kiti cha mbele kabisa mikono mapajani. Ungedhani kuna mgeni anaingia.

Nikabonyeza. Gitaa! Safi, nyuzi unazihesabu, hata vidole vinavyoteleza unavisikia. Nikamgeukia kwa fahari. Yeye akawa anasubiri. Gitaa likaendelea. Nikadhani ni utangulizi. Wimbo ukaisha. Wa pili, gitaa. Kwa mbali, mbali sana, kama mtu yuko nyumba ya tatu, kitu kama sauti, lakini maneno huyapati. Wa tatu, gitaa.

Mke wangu akanyanyuka akasema ameacha kitu jikoni, kitaungua. Jikoni hapakuwa na kitu motoni. Nilimkuta ameegemea sinki.

Nimegundua tatizo. Ukumbini waliweka maikrofoni mbili: moja kwenye gitaa, moja mdomoni. Gitaa likaingia kushoto, sauti ikaingia kulia. Na kulia kwangu kumekufa. Kulia iko kwa shemeji, juu ya zulia.

Nimeumia, sitaki kudanganya. Alikuwa amebadilisha kanga.

Lakini ukweli ni ukweli: yote haya ni makosa ya shemeji. Angekubali habari ya dumuzi tungekuwa tumemaliza.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji alimwomba dada yake kanda asubuhi, akakae nayo saa moja tu. Ameirudisha mchana, uso umemvimba. Anasema ni mafua.

Kwake ni kinyume. Yeye ni mtu wa maandishi: spika imeandikwa KULIA, basi ameichomeka kulia, na hakuna wa kumwambia vingine. Kwa hiyo amemsikia baba yao anaimba peke yake, bila gitaa. Anaimba mstari, ananyamaza, kimya kitupu, halafu anaingia tena. Shemeji anasema kwenye vile vimya alijikuta anamngoja baba azungumze naye.

Nikaona mlango umefunguka! Mtu akiwa na mafua ya namna hiyo analainika. Nikamwambia, kwa upole, niachie spika yako nimuunganishe baba. Akasema niletee yako nimuunganishe mimi, amplifaya yangu nzima. Nikasema mimi ndiye niliyeziona kwanza. Akasema uliona stendi ya maua. Nikamwita mwizi wa vigoda. Akasema anayo risiti. Akaitoa!

Hapo mke wangu akaingia. Hakupaza sauti, na ndicho kilichonitisha. Alisema baba yake alipokufa waligawana shamba, wakagawana vyombo, yakaisha salama. Sasa sisi wawili, watu wazima wenye mvi, tumemgawana baba mwenyewe. Mmoja kachukua mdomo, mmoja kachukua mikono. Akasema kesho mchana spika zote mbili ziwe kwa mama, na asiyeleta atafute wa kumpikia na wa kumwita ndugu.

Shemeji akakunja risiti. Mimi nikatazama dari. Tuna ufa mmoja pale juu, sikuwahi kuuona.

Jumapili, 10 Machi

Kwa mama mkwe. Nilifika mlangoni nimekumbatia spika yangu, na nani anatokea upande wa pili amekumbatia yake? Tukakwama mlangoni sote wawili. Mama akatuuliza kama tumekuja kuhamia. Mke wangu akasema, “Pisheni, mtavunja fremu ya mlango.” Ni mimi niliyeitengeneza fremu ile, lakini nikapisha.

Amplifaya ya shemeji, nayo ina pa kuingiza kaseti. Waya zake. Akaunganisha kwa mikono ya mhasibu, akabonyeza kwa majaribio, na besi yote ikatoroka! Sauti nyembamba, kama watu wanaimba ndani ya bomba. Nikaangalia nyuma. Alikuwa ametia waya mwekundu kwenye mweusi upande mmoja, kwa hiyo spika moja inavuta wakati mwenzake anasukuma. Nikageuza. Besi ikarudi ikakaa. Nilimwangalia tu, mpaka mke wangu akaniambia inatosha.

Kisha kanda.

Siwezi kuandika vizuri. Hazikuwa tena spika. Palikuwa na ukumbi pale ukutani, na mzee amekaa ndani yake, gitaa huku, sauti huku, na yeye katikati. Mama mkwe aliutazama ukuta usio na kitu, kati ya spika na spika, akasema, “Kakaa pale.” Mke wangu akashika mkono wa kaka yake. Katikati ya wimbo wa pili mzee akaacha kuimba, akafoka, “Funga huo mlango, upepo!” Na mama mkwe akainuka, kabla hajafikiri, akaenda kuufunga.

Tulicheka mpaka tukalia. Wengine tulianza na kulia. Mimi simo kwenye mafua, nililia. Mke wangu aliniegemea begani akasema, “Ndiyo hiyo. Ndiyo sauti yake.” Miaka yote ya ndoa sijawahi kumpa kitu kama hicho.

Kanda ilipoisha mama akasema spika hizi zimefika kwao. Hakuuliza. Shemeji akaacha amplifaya yake palepale.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi njema. Mke wangu anaimba akifagia. Amenitilia mayai mawili. Nyumba ina amani, na mimi ni mtu mpya. Ubinafsi kwaheri! Nimemwambia hivyo, akasema tutaona.

Nimepitia kwa mama mkwe kumjulia hali tu. Kanda inapigwa, yeye anachambua mchele na kumjibu mzee. Nimefurahi sana. Lakini ameweka sauti chini mno! Besi haina hata pa kupumulia. Na juu ya kila spika ametandika kitambaa cha kufuma. Spika za namna ile! Iliniuma kama kuona farasi anabebeshwa vikapu vya nyanya.

Mama akaniambia, kwa furaha, kwamba shemeji amejitolea kuja Alhamisi kuzipangusa vumbi. Kuzipangusa! Nilijua. Namjua yule mtu. Akizishika hazirudi.

Lazima nimtangulie. Nimeshafikiri kila kitu. Kesho nitamwambia mama kwamba mbao zinataka kupakwa mafuta, kazi ya karakana, siku chache tu. Bila papara, bila kuonyesha tamaa. Wala sitazibeba zote mbili, atashtuka na kumpigia simu binti yake. Nitaondoka na moja.

Ya pili nitaifuata Jumatano.