Pumzi Isiyo na Ithibati

"Kuanzia leo, kutulia kiholela ni marufuku katika jengo hili," Wagdi alitangaza ngazini, tumbo mbele, beji kifuani.

"Basi ukinikuta nimetulia unikamate," alijibu Nisrin, jirani yake wa ghorofa ya juu, beseni la nguo kiunoni. "Jana ulikuja kuniomba limau, leo umekuwa serikali."

Wagdi hakukasirika. Mkaguzi wa Baraza la Ithibati la Walimu wa Utulivu hakasiriki, kanuni zinakataza. Alimweleza kwa upole kwamba wale wanawake wa mtaa wa Shubra anaowafundisha kutulia juu ya paa, katikati ya mabanda ya njiwa, wanavuta pumzi isiyokidhi viwango. Apimwe, au afunge darasa. Nisrin akasema darasa hilo ndilo linalomlisha yeye na mama yake, na kwamba kabla Baraza halijazaliwa watu walikuwa wakipumua vizuri tu. Wagdi akasema dhana potofu kama hiyo ndiyo hasa inayopigwa vita.

Mtihani ukawa Ijumaa, sebuleni kwa Nisrin. Wagdi alikuwa anakimezea mate cheo cha Mkaguzi Mkuu, kwa hiyo alimleta mwenyekiti mwenyewe, Daktari Thuraya, aone kazi inavyofanywa. Kanuni ya mtihani aliitunga Wagdi mwenyewe: mwalimu na mkaguzi wakae sakafuni uso kwa uso, na atakayeshtuka, hana sifa.

Muuza gesi akapita akigonga mitungi kwa spana. Nisrin kimya. Chini barabarani mtu akamtukania mwenzake mama kwa ajili ya maegesho. Kimya. Wagdi akaanza kuogopa kwamba mtahiniwa amefariki.

Ndipo harufu ya kitunguu saumu na giligilani ikatoka jikoni. Mama yake Nisrin alikuwa anapika mulukhiya, ule mlenda wa kijani, na kila aliyelelewa Cairo anajua: kitunguu saumu cha kukaanga kikimiminwa sufuriani, lazima mpishi avute pumzi ya mshtuko, kama mtu aliyefumania mwizi. Asipovuta, chakula kimeharibika. Hakuna mtaalamu aliyewahi kulipinga hilo.

"Mafua yamenibana kifua," mama akaita kwa sauti ya kukwaruza. "Namimina sasa hivi. Nani atashtuka badala yangu?"

Nisrin hakutikisa hata kope. Daktari Thuraya akatazama dari, midomo ameibana. Mafuta yakalia chaaa. Wagdi akamkumbuka marehemu mama yake, mwiko mkononi. Sufuria nzima ipotee hivihivi, na watu wazima watatu wamekaa?

Akavuta pumzi ya mshtuko, kifua kizima, mpaka njiwa wakaruka juu ya paa.

Daktari Thuraya alikohoa. Kwa masikitiko makubwa, alisema, mkaguzi amevuliwa beji mpaka apate mafunzo kwa mwalimu mwenye ithibati. Baraza lilikuwa bado changa. Mwalimu wa namna hiyo, tangu dakika ile, Cairo nzima alikuwa mmoja.

Wagdi akamuuliza Nisrin, kwa sauti ndogo, darasa linaanza lini.

"Kesho. Njoo na mkeka wako, bwana mkubwa. Na limau langu."

Mama akatokeza mlangoni, mwiko mkononi, akitaka kujua nani aliyeshtuka vile. Wakamwonyesha, wakamsimulia yote.

"Tangu niolewe haijawahi kutoka nzuri hivi," alisema. "Huyo daktari aliyebana midomo atakula mkate mtupu. Wewe, mwanangu, ingia ule."